Reli ndogo ya bastola na swali la nani anamiliki kalibu

MNUNUZI wa bastola akiingia dukani nchini Marekani hutazama mtutu, hushika mpini, kisha huuliza bei. Ni wachache wanaouliza fremu ilitoka wapi. Hata hivyo, ndani ya fremu ndimo ulimo mtaji mkubwa wa mwenye kiwanda. Kwa zaidi ya miaka 30 sasa, kipande kidogo kilicho mbele ya fremu hiyo, kinachoitwa reli ya vifaa, kimebadili mpangilio wa nani anatengeneza nini na nani anabaki na faida.

Habari hii ni ya silaha, lakini swali lililo ndani yake ni la kila mwenye biashara. Mwenye karakana ya majembe ya plau hulikuta. Mkamuaji wa alizeti hulikuta, na fundi wa samani vilevile. Sehemu iliyo uti wa mgongo wa bidhaa yako, uitengeneze mwenyewe au uinunue kwa mwingine? Na ukiinunua, utafanya nini siku muuzaji wako akipandisha bei, akifilisika, au akinunuliwa na mshindani wako?

Wenye viwanda vya bastola wamelijibu swali hilo kwa njia tofauti. Wapo waliofaulu na wapo waliolipa gharama kubwa.

Fremu na reli ni nini

Bastola ya kisasa inayotumia magazini ina sehemu mbili kubwa. Juu ipo slaidi, chuma kinachokwenda nyuma na kurudi mbele kila risasi inapofyatuliwa. Chini ipo fremu, inayobeba mpini, magazini na kifyatulio. Kama ilivyo kwa baiskeli, fremu ni mwili ambao vitu vingine vyote hufungwa juu yake.

Reli ya vifaa ni mifereji iliyo kwenye sehemu ya mbele ya fremu, chini ya mtutu. Kazi yake ni kushika tochi au taa ya leza. Polisi anayeingia katika nyumba yenye giza hahitaji tena kushika bastola kwa mkono mmoja na tochi kwa mkono mwingine.

Bastola za zamani hazikuwa na reli hiyo. Ile maarufu ya M1911, iliyobuniwa na John Browning na kupokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911, ilikuwa na fremu ya chuma isiyo na mahali pa kufunga kitu chochote. Hataza zake zilikwisha zamani, kwa hiyo kampuni yoyote yenye leseni inaweza kuitengeneza bila kumlipa mtu. Ni sawa na mbegu ya kienyeji ambayo kila mkulima anaweza kuihifadhi na kuipanda msimu ujao. Ndiyo sababu hadi leo kampuni nyingi, kubwa na ndogo, zinatengeneza bastola ya umbo hilo, na nyingi kati yake sasa zinatoa toleo lenye reli.

Njia tatu za kupata fremu

Fremu hupatikana kwa njia kuu tatu, na kila moja ina hesabu yake.

Njia ya kwanza ni kufua. Kipande cha chuma hupashwa moto, kikawekwa kati ya kalibu mbili ngumu na kupigwa na nyundo ya mashine mpaka kichukue umbo lililo karibu na fremu. Baada ya hapo mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta huondoa kilichozidi. Sifa ya njia hii ni uimara. Gharama yake ni kwamba sehemu kubwa ya chuma kilichonunuliwa huishia kuwa mabaki ya kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Hapo ndipo reli ilipoleta kazi mpya. Sehemu ya mbele ya fremu ya zamani ni nyembamba. Ili upate reli, lazima pawepo nyama ya chuma ya kutosha kuichonga. Kalibu iliyotumika kwa fremu ya kawaida haitoshi tena, na mwenye kiwanda hana budi kutengeneza nyingine.

Njia ya pili ni kusubu kwa kutumia nta. Nta humiminwa katika kalibu ili kupata mfano wa fremu. Mifano kadhaa hushikizwa kwenye shina moja la nta kama matunda kwenye mti, kisha mti huo huchovywa katika uji wa udongo maalumu mara kadhaa mpaka upate ganda gumu. Ganda likipashwa moto nta huyeyuka na kutoka, na chuma kilichoyeyushwa humiminwa mahali pake. Kikipoa, ganda huvunjwa. Fremu hutoka ikiwa karibu na umbo la mwisho, na kazi ya kuchonga hupungua sana. Hata uvimbe wa mahali pa reli unaweza kutoka pamoja na fremu bila kupoteza chuma kingi.

Njia ya tatu ni plastiki. Nailoni iliyoimarishwa husukumwa ikiwa ya moto ndani ya kalibu ya chuma, na vipande vichache vya chuma huwekwa humo ili vishikwe na plastiki hiyo inapoganda. Vipande hivyo ndivyo vinavyobeba slaidi. Fremu ikitoka, reli ya tochi tayari imo. Haichongwi hata kidogo.

Kwa kuisikia tu, njia ya tatu inaonekana kuwa rahisi kuliko zote. Kwa gharama ya fremu moja ni kweli. Ugumu uko kwenye kalibu yenyewe, ambayo huchongwa kwa usahihi mkubwa na kugharimu fedha nyingi kabla ya fremu ya kwanza kuuzwa. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kalibu ya dola 100,000 ikitoa fremu 1,000, kila fremu inabeba dola 100 za kalibu. Ikitoa fremu 100,000, kila moja inabeba dola moja. Mwenye soko dogo hawezi kushindana hapo hata kama mafundi wake ni hodari kiasi gani.

Ndiyo maana karakana ndogo za Marekani zinazotengeneza bastola chache kwa wateja wenye fedha zimebaki na fremu za chuma, na wenye soko la polisi na majeshi wamekwenda kwenye plastiki.

Mtengenezaji wa fimbo za mapazia

Mfano mkubwa wa plastiki ulitoka Austria. Gaston Glock, aliyefariki dunia Desemba 2023, hakuwa mtengenezaji wa bunduki. Kampuni yake aliianzisha mwaka 1963 katika mji wa Deutsch-Wagram, karibu na Vienna, na miongoni mwa bidhaa zake zilikuwamo fimbo za mapazia. Baadaye alilitengenezea jeshi la nchi yake visu. Kazi hizo zilimfundisha mambo mawili: kufinyanga plastiki, na kuiunganisha na chuma.

Jeshi la Austria lilipotafuta bastola mpya mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliingia katika zabuni. Mwaka 1982 bastola yake ilichaguliwa, na oda ya kwanza ilikuwa ya bastola 25,000. Hakuwa wa kwanza duniani kutumia fremu ya plastiki. Kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani ilitoa bastola ya VP70 yenye fremu ya namna hiyo mwaka 1970. Tofauti ni kwamba Glock alipata oda kubwa iliyoweza kulipia kalibu zake, na tangu mwanzo alijenga biashara yake juu ya njia hiyo.

Wakongwe waliozoea kufua chuma walijikuta wakishindana na mtu ambaye fremu yake haikuhitaji saa nyingi za kuchongwa. Ilibidi nao waingie kwenye plastiki, wengi wao wakiwa hawana mashine wala ujuzi wa kazi hiyo. Hapo ndipo biashara ya kununua sehemu kwa wengine ilipopanuka.

Kipimo kimoja, masoko mengi

Reli nayo ilianza kwa fujo. Heckler & Koch ilipotoa bastola yake ya USP mwaka 1993, fremu ilikuwa na mifereji ya kufungia tochi, lakini ilikuwa ya kipimo cha kampuni hiyo peke yake. Mteja aliyenunua bastola alilazimika kununua tochi iliyotengenezwa kwa ajili yake, au atafute kipande cha kati cha kuunganishia.

Kwa mwenye kiwanda, mpango kama huo unaweza kuonekana mzuri: mteja amefungwa na hawezi kwenda kwingine. Kwa soko zima ulikuwa kikwazo. Mtengenezaji wa tochi alipaswa kutengeneza aina nyingi, kila moja kwa idadi ndogo, na bei ikabaki juu.

Ufumbuzi ulitoka upande wa bunduki ndefu. Februari 1995 jeshi la Marekani lilipitisha kipimo rasmi kinachoitwa MIL-STD-1913. Watu wengi hukiita Picatinny, kwa jina la kituo cha jeshi kilichoko jimbo la New Jersey. Asili yake ni kishikio cha darubini cha kampuni ya Weaver, kilichokuwa kikitumiwa na wawindaji kwa muda mrefu. Jeshi lilichofanya ni kuweka vipimo vya lazima: upana wa kila mfereji uwe milimita 5.23, na umbali kutoka katikati ya mfereji mmoja hadi katikati ya unaofuata uwe milimita 10.01. Mwaka 2009 nchi za NATO zilipitisha kipimo chao, STANAG 4694, kilichojengwa juu ya hicho.

Msomaji aliyewahi kufunga mabomba ya maji anaelewa maana ya jambo hilo. Bomba la nusu inchi likitoka kiwanda kimoja na koki ikatoka kiwanda kingine, vinaingiana. Mwenye duka la vifaa halazimiki kuweka koki ya kila kiwanda.

Hata hivyo, kwenye bastola utaratibu haukukamilika. Sehemu ya mbele ya fremu ni fupi, na kampuni nyingi ziliweka mfereji mmoja tu au zikabadili umbo kidogo. Glock, iliyoanza kuweka reli mwishoni mwa miaka ya 1990, ina umbo lake. Kampuni za tochi kama Streamlight ya Pennsylvania zilijibu kwa njia ya kibiashara: ndani ya boksi la tochi huwekwa vipande vidogo vya kubadilisha, mnunuzi akachagua kinachoingia kwenye reli yake. Gharama ya kipande hicho ni ndogo sana ikilinganishwa na kupoteza mteja.

Kwa hiyo reli ilifungua mlango kwa watu wasiotengeneza bastola kabisa. Baada ya tochi ikaja ala ya kuvalia kiunoni. Bastola yenye tochi haiingii katika ala ya zamani, na kila bastola ikiunganishwa na kila tochi huhitaji ala yake. Kampuni kubwa kama Safariland zilichukua soko la polisi. Soko la raia likagawanywa na karakana nyingi ndogo, nyingine za watu wawili watatu, zinazopasha moto bamba la plastiki na kulifinyanga juu ya mfano wa bastola na tochi. Mtaji wao ni jiko, mashine ya kubana na mifano. Hawamiliki fremu, lakini wanaishi kwa sababu ya fremu.

Wanaonunua kwa wengine

Kampuni ya Springfield Armory ya Geneseo, Illinois, ni mfano mzuri wa biashara inayosimama juu ya wagavi. Ilianza mwaka 1974, ikichukua jina la kiwanda cha serikali ya Marekani kilichofungwa mwaka 1968. Kwa miaka mingi bastola zake za aina ya M1911 zilitegemea fremu na slaidi zilizofuliwa nchini Brazil na IMBEL, kampuni ya serikali ya nchi hiyo inayotengeneza silaha.

Kwa Springfield, faida ilikuwa wazi. Haikuhitaji kununua nyundo za kufulia wala kulisha tanuri. Brazil nayo ilipata soko la kudumu ng'ambo kwa kiwanda ambacho oda za jeshi lake peke yake zingekuwa ndogo.

Mwaka 2002 kampuni hiyo ilikwenda mbali zaidi. Ilianza kuuza kwa jina la XD bastola ya plastiki inayotengenezwa na HS Produkt ya mji wa Karlovac, Kroatia. Hapa kinachonunuliwa ni bastola nzima, fremu na reli yake ikiwamo. Kampuni ya Kroatia ilianzishwa mwaka 1991, wakati nchi hiyo ikiingia vitani. Isingekuwa rahisi kwake kujenga jina na mtandao wa maduka Marekani. Springfield ilikuwa na jina na maduka, lakini haikuwa na bastola ya plastiki. Kila mmoja alileta kile ambacho mwenzake hakuwa nacho.

Smith & Wesson ya Massachusetts ilipitia njia yenye mizunguko zaidi. Ni kampuni ya mwaka 1852, yenye sifa katika kufua chuma. Ilipoingia kwenye plastiki na bastola ya Sigma, Glock iliishtaki mwaka 1994 kwa madai ya kuiga, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 1997. Kisha ikashirikiana na Walther ya Ujerumani kutoa bastola ya SW99, ambayo fremu yake ilitengenezwa Ujerumani huku slaidi na mtutu vikitengenezwa Marekani. Mwaka 2005 ikatoa bastola yake yenyewe ya plastiki, M&P, yenye reli.

Bastola hiyo ilipouzika, kampuni ikajikuta inategemea mafundi wa plastiki walio nje ya ukuta wake. Mwaka 2014 ilimnunua mgavi wake wa sehemu za plastiki, Tri Town Precision Plastics ya Deep River, Connecticut, kwa dola milioni 22.8. Miaka miwili baadaye ikainunua Crimson Trace ya Oregon, inayotengeneza taa za leza na tochi, kwa dola milioni 95.

Tazama tofauti ya bei hizo mbili. Kampuni ya kufinyanga plastiki ilinunuliwa kwa chini ya robo ya bei ya kampuni inayouza vitu vya kuning'iniza kwenye reli. Ni biashara mbili tofauti na bei hupangwa kwa mambo mengi, lakini inaonyesha jinsi jina linalojulikana kwa mlaji linavyopewa thamani.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2020 biashara ya vifaa, Crimson Trace ikiwamo, ilitengwa na kuwa kampuni nyingine. Mwaka 2021 Smith & Wesson ikatangaza kuhamishia makao yake makuu Maryville, Tennessee, kwa uwekezaji wa takriban dola milioni 120, na shughuli za Deep River zikaingia katika mpango wa kufungwa. Kwa mji mdogo kama Deep River, kununuliwa na mteja mkubwa kulionekana kuwa usalama. Miaka saba baadaye mteja huyo huyo akaamua kazi ifanyike kwingine.

Wanaotengeneza wenyewe

Ruger ilichagua njia nyingine. Ilianzishwa mwaka 1949 huko Southport, Connecticut, na William Ruger pamoja na Alexander Sturm, kwa mtaji wa dola 50,000. Tangu miaka ya 1960 ina kiwanda chake cha kusubu, Pine Tree Castings, huko Newport, New Hampshire. Wakati huo wapenzi wengi wa bunduki waliamini kwamba chuma cha kusubu ni dhaifu. Ruger ilijibu kwa kutengeneza bunduki nene kidogo na kuuza kwa bei nafuu, na soko likakubali.

Mwaka 2011 ilipotoa bastola yake ya SR1911, fremu ilitoka katika kiwanda chake yenyewe. Hakukuwa na mgavi wa kusubiri wala meli ya kutoka ng'ambo.

Funzo kubwa zaidi liko kwenye yale ambayo Ruger ilifanya na tanuri zake oda za bunduki zisipotosha. Iliuza kazi ya kusubu kwa viwanda vingine. Katika miaka ya 1990 ilisubu vichwa vya titani vya fimbo za gofu kwa ajili ya Callaway. Tanuri halijui linachoma kitu gani. Likikaa bila kazi, gharama ya mtaji na matunzo haisimami.

Reli ina kero zake

Kufunga kitu kizito mbele ya fremu kuna matokeo yake. Fremu ya plastiki hunyumbuka kidogo bastola inapofyatuliwa, na mnyumbuko huo umo katika hesabu ya mbunifu. Ukiongeza uzito wa tochi, mnyumbuko hubadilika. Baadhi ya bastola za polisi zilizofanya kazi vizuri bila tochi zilianza kukwama baada ya kufungwa tochi, na ilibidi springi za magazini zibadilishwe. Waliozibuni hawakuwa wamekosea wakati wa kuzibuni. Bidhaa ilikuwa imepewa kazi mpya bila kupimwa upya.

Kwa fremu za kusubu, kero ni kusinyaa. Chuma kikipoa hupungua, na sehemu nene haipungui sawasawa na sehemu nyembamba. Reli ni nene, ukuta ulio juu yake ni mwembamba. Kwa hiyo mfano wa nta lazima uwe mkubwa kuliko fremu kwa kiasi kilichopigiwa hesabu, na kila fremu ipimwe kabla ya kwenda kwenye mashine ya kuchonga.

Sheria inahesabu fremu kuwa silaha

Fremu hainunuliwi kama nati na bolti. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1968, fremu yenyewe ndiyo silaha hata ikiwa tupu. Lazima iwe na namba, na anayeitengeneza kwa biashara lazima awe na leseni. Fremu ya plastiki huwekewa kibati cha chuma chenye namba hiyo. Mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni ya kubana uuzaji wa fremu ambazo hazijakamilika, zilizokuwa zikinunuliwa bila namba na kumaliziwa nyumbani, na Machi 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliiacha kanuni hiyo isimame.

Afrika Mashariki nako milango imefungwa kwa asiye na kibali. Kutengeneza silaha bila leseni ni kosa Tanzania na Kenya, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi wanachama kuhakikisha kila silaha ndogo ina alama ya kuitambua.

Sheria hiyo nayo imeathiri ubunifu. Katika bastola ya SIG Sauer P320, namba imewekwa kwenye kasha dogo la chuma lenye mitambo ya kifyatulio. Mpini wa plastiki pamoja na reli yake umebaki kuwa kifaa cha kawaida kinachoweza kubadilishwa. Kiwanda kinaweza kutengeneza mipini ya saizi na rangi mbalimbali bila kila mmoja kuhesabiwa kuwa bastola.

Januari 2017 bastola ya muundo huo ilishinda zabuni ya jeshi la Marekani yenye thamani ya hadi dola milioni 580. Glock ilipinga matokeo, lakini ofisi ya ukaguzi ya serikali ilikataa rufaa yake. Uamuzi wa ofisi hiyo ulionyesha kwamba bei ya SIG iliyotumika kwenye tathmini ilikuwa dola milioni 169.5, na ya Glock dola milioni 272.2. Mtu aliyeingia sokoni kwa fremu nafuu alishindwa kwa bei miaka 35 baadaye.

Oda kubwa si kinga

Colt, kampuni iliyotengeneza M1911 ya kwanza, ilipata mkataba wa jeshi la wanamaji wa nchi kavu la Marekani mwaka 2012 wa hadi bastola 12,000 za M45A1, zenye fremu ya chuma na reli. Thamani ilikuwa hadi dola milioni 22.5. Juni 2015 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, ikiwa imebeba madeni makubwa. Mwaka 2021 ilinunuliwa na kampuni ya Czech inayomiliki kiwanda cha CZ.

Soko la raia nalo hupanda na kushuka kama bei ya kahawa. Mwaka 2020 FBI ilifanya ukaguzi wa rekodi za wanaotaka silaha karibu mara milioni 39.7. Mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa chini ya milioni 30. Si kila ukaguzi ni bastola iliyouzwa, lakini mwelekeo unaonekana. Aliyenunua kalibu za ziada kwa hesabu za mwaka 2020 alibaki nazo zikiwa zimekaa.

La kuchukua

Mwenye karakana ya zana za kilimo anaweza kutoka na mambo manne katika habari hii.

Kwanza, jua kalibu ni ya nani. Mteja akilipia kalibu na ikabaki kwake, wewe unauza nguvu kazi tu, na kesho anaweza kuipeleka kwa mwingine. Iandikwe kwenye mkataba kabla kazi haijaanza.

Pili, pale ambapo kipimo cha pamoja kipo, kifuate. Jembe la plau ambalo matundu yake ya bolti hayalingani na plau zilizoko mashambani halitauzika hata likiwa la chuma bora.

Tatu, usiongeze mashine kwa sababu ya msimu mmoja mzuri. Piga hesabu ya kalibu kwa idadi utakayouza mwaka wa kawaida.

Nne, mwenye tanuri au mashine ya kuchonga atafute kazi ya pili mapema, soko la kwanza likiwa bado zuri. Ruger ilikuwa na mteja wa gofu kwa sababu milango ya tanuri zake ilikuwa wazi kwa wateja wa nje. Mgavi wa Deep River alikuwa na mteja mmoja aliye mkubwa kuliko wote, na mteja huyo alipohama, uamuzi wa nini kifuate haukuwa tena mikononi mwa watu wa mji ule.